Paka nje bila hatari: namna ya kujenga kizimba na tuneli kwa paka wa nyumbani Bukavu

Nyumba nyingi za Bukavu zinafuga paka juu ya kazi moja: panya. Panya wanatoboa magunia ya mahindi na maharagwe, wanakata nguo, wanachimba chini ya mbao za nyumba, na usiku wanakimbia juu ya dari hadi mtu hapati usingizi. Mwenye paka hodari analala. Lakini paka huyo huyo akitoka nje, katika kata zenye nyumba zilizobanana kama za Kadutu au Panzi, siku moja harudi. Pikipiki inamgonga, mbwa wanamrarua, anakula panya aliyekufa kwa sumu, au mtu anamkamata na anaishia ndani ya chungu. Kuko pia wanaomwona paka mweusi usiku kama alama ya uchawi, wanamtupia mawe.

Upande wa pili kuko jirani. Paka anayezunguka anaingia parseli ya watu, anakamata vifaranga na watoto wa dende, anajisaidia katikati ya lengalenga za mama wa watu. Maneno yanaanza kidogo kidogo. Mwisho wake, sumu haiwekwi tena kwa ajili ya panya, inawekwa kwa ajili ya paka, na mtoto anayecheza hapo anaweza kuiokota.

Wengi wanaona njia mbili tu: kumwacha paka azunguke, ao kumfunga kamba mguuni. Kamba si njia. Paka anaruka ukutani, kamba inamnyonga. Iko njia ya tatu, na haihitaji parseli kubwa wala fundi wa bei kali: kizimba cha waya kilichounganishwa na nyumba, pamoja na njia ya waya ya kumfikisha humo, ile tunayoiita hapa tuneli.

Wazo lenyewe limetoka wapi

Huko Marekani na Australia vizimba vya namna hii vimezoeleka, na vina jina: katio. Katika mji wa Canberra, Australia, paka yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2022 anapaswa kukaa ndani ya nyumba au ndani ya uzio wa mwenyewe, asiende ovyo. Sababu yao kubwa ni kulinda ndege na wanyama wadogo wa porini.

Kwetu kuko mfano wa karibu zaidi, hata kama si wa paka. Ukitoka Bukavu kwa barabara ya Kavumu na Katana, unafika Lwiro, katika teritwari ya Kabare. Pale, tangu mwaka 2002, kuko kituo cha kulea sokomutu na kima waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Kilianzishwa na ICCN, taasisi inayolinda mbuga za wanyama za Kongo, pamoja na CRSN, kituo cha utafiti cha Lwiro. Namna wanyama wanavyokaa pale inaeleweka kwa urahisi: usiku wanalala ndani ya vyumba, mchana wanatoka kwenye eneo lenye miti lililozungushiwa uzio.

Kanuni hiyo ndiyo tunayoichukua kwa paka, na inajibu swali la kwanza ambalo kila mtu anauliza: paka akifungwa, nani atakamata panya? Jibu ni hili: mchana nje, usiku ndani. Panya wanatembea usiku, na ni usiku ambapo paka anakuwa ndani ya nyumba, katika jikoni na pembeni ya magunia. Mchana, wakati ambapo hatari za barabara, mbwa na watu ni nyingi, anakaa kizimbani, anaota jua na kulala. Paka mkubwa analala saa 12 hadi 16 kwa siku, basi hakosi kitu kikubwa. Kazi yake haipungui. Kinachopungua ni safari zake.

Afya ya watu iko ndani pia

Kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi wanauita raje, hautoki kwa mbwa peke yake. Paka akiumwa na mbwa mgonjwa anaweza kuupata na kuupitisha kwa mtu kwa meno au kwa kukwaruza. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Ndiyo maana paka wa kizimbani naye anapaswa kuchanjwa: chanjo ya kwanza akifika miezi mitatu, ya pili baada ya mwaka, kiisha kwa kufuata maelezo ya veterinere.

Mtu akiumwa na paka au mbwa, kidonda kioshwe palepale kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama mnyama atakufa. Hapa kizimba kinasaidia kwa namna nyingine: paka aliyeuma mtu anapaswa kuangaliwa siku 10, na paka asiye na mahali pa kufungiwa haangaliwi, anauawa au anapotea, na waganga hawajui tena kama alikuwa mgonjwa.

Kwa wasikilizaji wa Ituri kuko jambo la zaidi. Tauni, ile wanayoiita peste, bado inaonekana katika jimbo hilo. Inabebwa na viroboto vya panya, na paka akila panya mgonjwa anaweza kuugua na kuwaambukiza watu wa nyumba. Mkiona panya wengi wanakufa bila kuwekewa sumu, msiwashike kwa mikono, mfungieni paka, na mjulishe kituo cha afya haraka.

Jambo la tatu ni mavi ya paka. Yanaweza kubeba kidudu cha toxoplasma, ambacho ni hatari kwa mimba. Kidudu hicho kinahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo kiwe na nguvu ya kuambukiza. Kwa hiyo mavi yakiondolewa kila siku, hatari inapungua sana. Mama mwenye mimba asifanye kazi hiyo. Ikiwa hakuna mwingine, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Paka anayejisaidia kizimbani unajua mavi yake yako wapi. Anayezunguka, hujui yako ndani ya mboga za nani.

Kuchagua mahali

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, zunguka nyumba na uangalie mambo matano.

Kwanza, waya za umeme. Kwenye avenyi nyingi waya za SNEL na za majirani zinapita chini, juu ya mabati na kando ya kuta. Wavu wa chuma ukigusa waya uliochunika, kizimba chote kinakuwa umeme, na atakayekufa kwanza anaweza kuwa mtoto. Ikiwa kuko waya karibu na ukuta huo, chagua ukuta mwingine.

Pili, moto. Nyumba za mbao zinawaka haraka, na Bukavu imeona mioto mingi ya namna hiyo. Kizimba na tuneli visipite mbele ya mlango wala dirisha ambalo watu wangetokea wakati wa moto. Visifunge kichochoro ambacho majirani wanapita na ndoo. Na mbabula isiwekwe karibu nayo.

Tatu, maji na udongo. Mji wetu umejengwa juu ya milima, na mvua za kuanzia Septemba zinashuka na udongo. Usijenge ndani ya mfereji wala chini ya ukuta wa mawe ulioegemea. Kizimba kilichoziba mfereji kinaweza kuleta maji ndani ya nyumba ya jirani aliye chini.

Nne, jua na kivuli. Paka anapenda jua la asubuhi. Saa sita anahitaji kivuli, na hasa ikiwa kuko bati juu yake, kwa sababu bati linachoma.

Tano, mwenye nyumba. Wapangaji wengi wanahama kila baada ya mwaka au miaka miwili. Zungumza na bayeri kwanza, ikiwezekana akubali kwa maandishi, na ujenge kitu kinachofunguliwa: vipande vinavyofungwa kwa waya au skurubu, si kuta za simenti. Siku ya kuhama unakibeba.

Vifaa, na vile vya kukataa

Kwa kizimba kidogo na tuneli ya meta 4, unahitaji: mbao za shevroni au miti midogo iliyonyooka ya mkaratusi, ubao mmoja au miwili wa upana wa sentimeta 30 kwa sakafu ya tuneli, wavu wa waya, misumari ya kawaida na ile iliyopinda kama U, bawaba, ndoano za kufungia, na kipande cha bati.

Wavu ndio moyo wa kazi. Chagua ule uliochomelewa kwenye kila kiungo na kupakwa zinki, wenye matundu ya sentimeta 2 na nusu au chini yake. Ule wavu mwembamba wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, ni wa bei nafuu, lakini mbwa anaung'oa kwa meno na mvua ya msimu mmoja inaanza kuula kwa kutu. Ukikosa fedha za wavu mzuri kote, weka mzuri chini hadi meta moja, na ule mwembamba juu, ambapo mbwa hafiki.

Kuko vitu vitatu vya kukataa hata kama vinapatikana bure.

Cha kwanza ni chandarua. Watu wengine wanafunika vizimba kwa mustikere ya zamani. Vyandarua vinavyogawiwa vina dawa ya kuua mbu, na dawa moja inayotumika katika baadhi yake, permetrini, ni sumu kali kwa paka kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja. Tena paka anakipasua kwa kucha ndani ya dakika moja. Chandarua ni cha kulinda watoto na malaria, kibaki kitandani. Kwa sababu hiyo hiyo, usimpake paka dawa ya viroboto ya mbwa.

Cha pili ni mafuta machafu ya gari. Mafundi wanapenda kupaka miti mafuta ya vidanji ili mchwa wasiile. Paka anajilamba mwili mzima kila siku, anayameza yote. Badala yake, choma ncha ya mti motoni mpaka iwe nyeusi kabla ya kuichimbia, ao weka miguu ya kizimba juu ya mawe.

Cha tatu ni ua wa miyenzi, ile miti ya maziwa meupe. Maziwa yake yanaunguza macho na mdomo. Ikiwa ua wako ni huo, acha nafasi ambayo mguu wa paka hauwezi kufika. Na maua ya yungiyungi, hata chavua yake tu, yanaua figo za paka. Yasikae karibu.

Kujenga kizimba

Kuna vipimo viwili vinavyofaa mji huu.

Kwa parseli yenye nafasi: urefu meta 2, upana meta 1, kimo meta 1 na sentimeta 80. Kimo hicho ni kwa ajili yako wewe. Kizimba ambacho mtu hawezi kuingia akiwa amesimama hakisafishwi, na kizimba kichafu kinaleta nzi na harufu, na maneno ya majirani yanarudi.

Kwa nyumba isiyo na nafasi: sanduku la dirishani, urefu meta 1, upana na kimo sentimeta 60, limeshikiliwa na miti miwili ya kuegemea ukuta. Ni dogo, lakini likiunganishwa na tuneli linatosha paka mmoja.

Anza na fremu chini, juu ya ardhi sawa. Tengeneza kila upande peke yake, uunganishe mwishoni. Piga wavu kwa upande wa ndani wa mbao, ili paka akisukuma, asukume wavu kwenye mbao na si kwenye msumari. Misumari ya U ipigwe kila sentimeta 10. Ncha za waya zilizokatwa zipinde kuelekea nje, kwa sababu zinachoma macho.

Juu lazima kufungwe. Paka anaruka meta moja na nusu hadi mbili bila shida, na ukuta wa wavu kwake ni ngazi. Kufunga juu kunazuia pia mwewe, anayeweza kubeba kitoto cha paka. Nusu ya juu iwe bati, imeinama ili maji yaende mferejini. Nusu ibaki wavu.

Chini, paka hachimbi sana, lakini mbwa anachimba ili aingie. Ongeza wavu wa sentimeta 30 uliolala juu ya udongo kuelekea nje kama herufi L, kiisha uweke mawe juu yake. Mbwa akichimba pembeni ya kizimba anakuta waya.

Ndani, weka rafu mbili za mbao kwa kimo tofauti. Paka anapenda kukaa juu na kuangalia. Kwake, kizimba chenye rafu mbili ni kikubwa mara mbili. Weka gogo lenye ganda gumu la kunolea kucha, ao zungusha kamba ya katani kwenye mti.

Milango miwili

Wengi wanajenga kila kitu vizuri, kiisha paka anatoroka siku ya kwanza wanapofungua mlango ili wampe maji. Kizimba chenye mlango mmoja kinategemea bahati. Weka mlango wa pili: ama mtu anaingia katika chumba kidogo, anafunga nyuma yake, ndipo afungue wa ndani, ama, ikiwa nafasi ni ndogo, kizimba kinafungwa kutoka upande wa tuneli. Unamrudisha paka nyumbani, unashusha ubao wa kuziba tuneli, ndipo unafungua kizimba ili usafishe. Ubao huo uwe wa kuteleza juu na chini ndani ya vijiti viwili, na kamba ya kuuinua ukiwa ndani ya nyumba.

Milango ifungwe kwa ndoano, si kwa kufuli. Wakati wa moto hakuna mtu atakayetafuta ufunguo wa paka.

Kujenga tuneli

Tuneli ndiyo inayofanya jambo hili liwezekane katika parseli ndogo, kwa sababu inapita ukutani, chini ya ncha za mabati, mahali ambapo hakuna mtu anayetembea. Inatoka dirishani au kwenye tundu la ukuta wa mbao, inafuata ukuta, inaishia kizimbani.

Njia rahisi ni hii. Chukua wavu wa upana wa meta 1. Upinde uwe kama U iliyogeuzwa: sentimeta 35 upande mmoja, 30 juu, 35 upande mwingine. Ukae juu ya ubao wa upana wa sentimeta 30, upigiwe misumari pembeni. Umepata tuneli ya upana wa sentimeta 30 na kimo cha 35, na kila meta ya tuneli inatumia meta moja tu ya wavu. Kwa meta 4, nunua meta 4.

Weka fremu ya mbao kila meta moja, na chini ya kila fremu mti wa kuegemea uliopigiliwa vizuri ukutani. Paka mmoja ana kilo 3 hadi 5, lakini wawili wakikimbizana wanatikisa kama mtoto. Toboa ubao matundu madogo ili maji ya mvua yasisimame. Mahali ambapo tuneli inapanda au kushuka, pigilia vijiti vya kukanyagia kila sentimeta 10, na usiifanye kali kuliko ngazi ya kawaida ya nyumba.

Tuneli ipite juu ya kichwa cha mtu mzima mahali ambapo watu wanapita, ama chini kabisa kando ya ukuta. Ikiwekwa kwenye kimo cha uso, usiku mtu ataumia. Ikigusa ukuta wa jirani, muombe ruhusa kabla. Ukiwa na paka wawili, weka mahali papana katikati, kama sanduku la sentimeta 60, ili mmoja asimzuie mwingine. Paka wasiopatana wakikutana kwenye njia nyembamba wanapigana.

Sanduku la kuhama

Mahali tuneli inapoingia kizimbani, weka sanduku la mbao lenye tundu, giza ndani, na kitambaa cha kulalia. Lisipigiliwe misumari; lifungwe kwa ndoano mbili na liwe na mkono wa kushikia na kifuniko.

Paka akisikia ngurumo au milio ya risasi anakimbilia mahali penye giza. Ikiwa mahali hapo ni sanduku lake, unajua yuko wapi. Na ikiwa familia inapaswa kutoka haraka, juu ya moto, maporomoko ya udongo au vita, unashusha kifuniko na unabeba. Hakuna anayeweza kumtafuta paka chini ya vitanda wakati watoto wanangojea mlangoni. Maisha ya watu yanatangulia. Sanduku linafanya uamuzi huo usiwe mgumu.

Kumzoesha

Usimsukume paka ndani. Siku mbili za kwanza acha tuneli wazi, weka vichwa vya sambaza kwenye mlango wake. Siku zinazofuata weka chakula meta moja ndani, kiisha mbili, mpaka afike kizimbani. Wengi wanazoea ndani ya juma moja au mawili. Paka mdogo anazoea haraka; mkubwa aliyezoea kuzunguka atalia usiku kwa siku kadhaa. Ukimfungulia kwa sababu ya kilio, umemfundisha kwamba kulia kunafungua mlango.

Paka jike mwenye joto na dume asiyehasiwa watalia zaidi na watatafuta kila tundu. Uliza veterinere habari ya kuwahasi. Mimba ya paka ni kama miezi miwili tu, na vitoto vinne vikizaliwa, kizimba cha mmoja hakitoshi tena.

Chakula kisipunguzwe eti ili aendelee kukamata panya. Paka aliyeshiba vizuri bado anawinda. Mwenye njaa anaingia chunguni. Anahitaji nyama au samaki, ugali peke yake haumtoshi. Cheza naye dakika kumi asubuhi na jioni kwa kamba yenye kitambaa. Maji yabadilishwe kila siku. Beseni la mchanga au unga wa mbao lisafishwe kila siku, na mavi yatupwe chooni, siyo mferejini ambamo yanashuka hadi ziwani.

Gharama, na kusaidiana

Kinachokula fedha ni wavu. Miti, mbao za mabaki na bati la zamani vinapatikana kwa mafundi. Wavu unauzwa kwa roli, na roli nzima kwa kawaida ni nafuu kwa kila meta kuliko kukatiwa vipande. Watu wanne au watano wa avenyi moja wanaweza kufanya likelemba, wakanunua roli moja na kugawana. Wafuga kuku na dende nao wanahitaji wavu huo huo, na mara nyingi hao ndio majirani waliokuwa wakilalamika juu ya paka. Kununua pamoja kunamaliza kesi mbili.

Wakati mzuri wa kujenga ni kiangazi, Juni hadi Agosti, mbao zikiwa kavu.

Kabla ya kumweka paka ndani

Fanya majaribio manne. Pitisha ngumi yako kando ya kila kona: mahali ngumi ya mtoto mdogo inapita, kichwa cha kitoto cha paka kinapita, na kichwa kikipita mwili unafuata. Sukuma wavu kwa nguvu za mikono miwili, kwa sababu mbwa atafanya hivyo. Mwaga ndoo ya maji juu ya bati na uangalie inakokwenda. Mwisho, ngoja usiku, zima taa, na ujaribu kufungua ndoano zote kwa mkono mmoja. Kama mtoto wa miaka kumi wa nyumba yako anaweza kufanya hivyo gizani, kizimba kiko tayari.